Kisukari kipya, ganzi ya zamani

Aliyeambiwa wiki hii kwamba ana kisukari huanza kuhesabu ugonjwa kuanzia wiki hii. Neva (mishipa ya fahamu) za miguu zina hesabu yake nyingine. Kisukari cha aina ya pili huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila kujionyesha, na muda wote huo sukari iliyozidi inaziumiza neva pamoja na vijishipa vya damu vinavyozilisha. Ndiyo maana mgonjwa wa aina ya pili anatakiwa kupimwa miguu mara tu ugonjwa unapogunduliwa, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza huanza kupimwa miaka 5 baada ya kugunduliwa.

Madhara huanzia vidoleni kwa sababu neva zinazofika huko ndizo ndefu kuliko zote. Hupanda polepole, miguu yote miwili sawia, mithili ya soksi inayovutwa juu. Ganzi ikishakaribia magoti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Shika mpangilio huo. Ganzi ya mguu mmoja tu, au iliyoanzia mikononi, au iliyoingia ndani ya siku chache pamoja na misuli kulegea, isibebeshwe kisukari kabla sababu nyingine hazijatafutwa. Pombe, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa figo na isoniazidi, ile dawa ya kifua kikuu, huleta hali inayofanana. Anayetumia metformini, dawa ya kushusha sukari, kwa miaka mingi apimwe B12 pia.

Nyuzi nyembamba za neva zikiumia, nyayo huwaka moto na kuchomachoma, hasa usiku, hata shuka ikigusa tu. Zikiumia zile nene, mtu hapati tena hisia ya mguso na mtetemo, akawa anayumba gizani. Wagonjwa huogopa moto. Mimi naogopa zaidi ganzi. Asiyeumwa haendi kliniki, na msumari ndani ya kiatu huweza kumchimba mchana kutwa asijue.

Kliniki hutumia uzi wa nailoni unaopinda kwa shinikizo la gramu 10. Nyumbani kuna kipimo kisichohitaji kifaa, kilichobuniwa Ipswich, Uingereza. Vua soksi, lala chali, fumba macho. Msaidizi akuguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi, sekunde 1 hadi 2: kidole gumba cha mguu wa kulia, kidogo cha kulia, gumba la kushoto, kidogo cha kushoto, cha kati cha kulia, cha kati cha kushoto. Kila ukihisi, sema "kulia" au "kushoto". Kipimo huharibika msaidizi akibonyeza au kugonga, au akirudia kidole ambacho hukukihisi. Ukikosa viwili au zaidi kati ya hivyo 6, nenda ukapimwe kikamilifu.

Kuna jambo linalowachanganya wengi baada ya kuanza matibabu. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita, ikishuka kwa zaidi ya pointi 2 za asilimia ndani ya miezi 3, maumivu makali yanaweza kuzuka katika wiki 8 za mwanzo. Mgonjwa husema dawa ndiyo imemdhuru, akaiacha. Asiiache: amweleze daktari, maana kwa kawaida maumivu hayo hupungua yenyewe baada ya miezi.

Parasetamoli husaidia kidogo sana hapa. Zinazotumika ni amitriptilini, mara nyingi kuanzia miligramu 10 hadi 25 usiku (mwenye ugonjwa wa moyo na mzee wahadhari nayo), duloksetini, pregabalini au gabapentini. Hutuliza maumivu, neva haziziponyi.

Kwa miguu yenyewe: pima joto la maji kwa kiwiko, usiikande kwa chupa ya maji moto, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na ununue vipya jioni miguu ikiwa imevimba kidogo. Mafuta paka kisiginoni na wayoni, yasiingie katikati ya vidole, maana unyevu huo hulea fangasi. Sugu usizikate kwa wembe. Tazama nyayo kila siku, kwa kioo ikibidi. Ukiona kidonda, wekundu unaotambaa, uvimbe au harufu, hospitali ni siku hiyohiyo, hata kama hapaumi.