Nilivyoitafsiri Woyzeck kwa Kiafrikana na kuipandisha jukwaani

Kabla ya kutafsiri hata sentensi moja, amua maonyesho, yaani vipande vya mchezo, yatafuatana vipi. Georg Büchner, Mjerumani aliyeandika tamthilia hii, alifariki mwaka 1837 akiwa na miaka 23 tu, akaacha rasimu za mkono zisizokamilika. Matoleo mengine yanaanza askari Woyzeck na mwenzake Andres wakikata fimbo, mengine Woyzeck akimnyoa kapteni wake ndevu. Nilianza na kunyoa, kwa sababu hapo hadhira inasikia mara moja nani yuko juu ya nani, na hilo ndilo gumu kuliko yote katika Kiafrikana, lugha ya Afrika Kusini iliyotokana na Kiholanzi.

Kwa Kijerumani kapteni hamwambii Woyzeck "du" (wewe ya kawaida) wala "Sie" (wewe ya heshima). Anasema "Er", yaani "yeye", namna ya kale ya kumsemesha mtu wa chini. Kiafrikana nacho humsemesha mtu kwa nafsi ya tatu, ila kwa heshima: kijana humuuliza mzee "Wil Oom koffie hê?" (Mjomba atapenda kahawa?), kama sisi tunavyouliza "Mzee atakunywa chai?" Ukifuata neno kwa neno, kapteni anaanza kumheshimu askari wake! Kapteni nilimpa "jy", wewe ya kawaida. Woyzeck nikamnyima "u", wewe ya heshima, kabisa. Anasema "Kaptein", hata mara mbili katika sentensi moja, na unyonge wake unasikika.

Kikwazo cha pili ni "nie". Kiafrikana hukanusha mara mbili: "Ek het nie geld nie" (Sina pesa). Kijerumani kinaweza kufunga sentensi kwa neno zito, hapa inafungwa kwa silabi dhaifu, na sauti ya mwigizaji inazama nayo. Geuza mpangilio: "Geld het ek nie." Sasa "nie" ni moja, na pesa imetangulia. Kwa hadithi ambayo bibi anasimulia ndani ya mchezo, usirundike "het ge-", alama ya wakati uliopita, kila kitenzi. Anza na "Daar was eendag" (Hapo zamani palikuwa na), kisha endelea kwa wakati uliopo; ndivyo Waafrikana wanavyosimulia.

Kuhusu Kaaps, Kiafrikana cha mitaa ya Cape Town: ukimpa Woyzeck peke yake huku wakubwa wakisema Kiafrikana sanifu, hadhira ya Afrika Kusini itaona rangi ya ngozi kabla ya kusikia maneno. Huo ni uamuzi mzito. Naukubali pale tu mwigizaji anapoizungumza nyumbani kwao na anaruhusiwa kusahihisha mistari yake mwenyewe mezani, kabla ya mazoezi ya kusimama.

Jukwaani, adui ni giza la kubadilisha onyesho. Maonyesho ni mafupi na mengi; mabadiliko 24 ya sekunde 15 kila moja yanakula dakika 6, na hofu inapoa. Tumia meza moja, kiti kimoja na ndoo, waigizaji wahamishe wenyewe taa zikiwaka. Wembe ufanywe butu kabisa. Bwawa liwe trei yenye maji ya sentimeta 3, na chini yake zulia la mpira, maana turubai tupu linateleza na mtu anaanguka.

Kwa wasiojua Kiafrikana, maandishi ya juu, yaani tafsiri inayoonyeshwa juu ya jukwaa, yawe mistari miwili, herufi 40 kwa kila mstari, na yaendeshwe na mtu anayefuata matini kwa namba. Yakitangulia sauti hata sekunde mbili, watu wanacheka kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Mwendeshaji huyo aje mazoezini walau mara nne, kwa kuwa mwendo wa kusema hubadilika kila wiki.