Siku moja maishani mwangu: mama wa mpunga mwenye timu

Saa 10 na robo alfajiri simu inaita. Ni dereva. Ukiwa na malori barabarani, simu ya saa hizo unaipokea ukiwa umeshakaa kitandani, miguu iko chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko salama?"

"Niko salama. Tumezuiwa mizani. Uzito wote uko sawa, ila ekseli ya nyuma imezidi."

Nikashusha pumzi. Akisema yuko salama, yaliyobaki ni kazi tu. Lori lina tani 28 za mchele wa kwenda Dar es Salaam, na jana jioni vijana wa stoo walipakia kwa haraka wakajaza nyuma. Dawa yake ni moja: utafute makuli hapo hapo, mshushe magunia, myahamishie mbele, mrudi kupima. Nikamtumia hela ya makuli, nikajifunga khanga, nikatoka uani. Saa hizo Igurusi, hapa kwetu Mbarali mkoani Mbeya, inanukia pumba mbichi. Miaka yote hii, harufu hiyo bado inanipa nguvu.

Naandika kwa sababu watu wakisikia "mwenye timu" wanamwona mtu wa jukwaa kuu, gari la vioo vyeusi, bahasha mkononi. Wengine wanasema hela ni ya mume wangu. Mume wangu alifariki kabla sijanunua lori la kwanza. Nilianza mwaka 1998 hapa hapa barabarani, nikiuza mchele kwa sado kwa abiria wa mabasi ya Dar. Sado yenyewe ninayo bado, iko juu ya kabati la ofisi, mdomo umepinda upande mmoja na rangi imebanduka. Leo nina mashine mbili za kukoboa, malori sita, na timu ya mpira iliyoko First League, ngazi ya tatu baada ya Ligi Kuu na Championship. Na siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa 12, siku ya mishahara ya wachezaji, kesho yake timu isafiri kwenda Songea.

Saa 12 niko mashine. Wakulima wawili wa Saro 5, aina ya mpunga, wameshafika na mzigo. Sipokei mpunga kwa maneno. Nachukua punje tano, nazimenya kwa kucha, natia moja moja kati ya meno ya mbele. Ikilia kavu na kukatika katikati, imekauka vizuri. Ikibonyea kwanza ndipo ikatike, ina maji, na mpunga wenye maji ukiutia mashineni unatoka umevurugika. Ukikauka kupita kiasi nao unakuwa chenga tupu. Kipimo cha kisasa ninacho, kinatakiwa kisome karibu asilimia 14, lakini naanza na meno, halafu kipimo kinanithibitishia. Mpunga wa mmoja ulikuwa bado. Nikamwambia, "Baba, uanike leo na kesho, nafasi yako ipo." Alinuna. Kilo 100 za mpunga mzuri zinanipa kama kilo 65 za mchele, na hapo katikati ndipo wanapokula wafanyakazi wangu, mimi, na vijana 24 wa mpira. Kosa dogo mashineni mwisho wake ni posho ya mchezaji kukosekana.

Saa 2 nikapita kambini. Kambi ni nyumba ya vyumba sita nyuma ya stoo. Vijana walikuwa wanamaliza chai. Nilichungulia jikoni kwa mpishi kama kawaida, nikafungua gunia. Nilishasema na narudia: wachezaji wangu wanakula super, chenga hapana. Mtu anayekimbia kwa ajili ya jina la mahali hapa asile kile ambacho mimi mwenyewe sikiweki mezani kwangu.

Mwalimu akanifuata hadi kwenye gari. "Mama, vijana wanauliza habari ya mshahara. Kimyakimya, lakini wanauliza."

"Waambie leo hii, kabla hawajalala."

Nilisema hivyo nikiwa na milioni 3 benki. Mishahara yote, pamoja na benchi la ufundi na mpishi, ni milioni 10 na ushee. Nilikuwa natarajia kulipwa. Mteja wangu mmoja wa Mbeya mjini alichukua tani 20 za super mwezi wa tisa, milioni 38, akaahidi siku 30. Zilikuwa zimepita siku 70 na kitu. Juzi yake alinipigia mwenyewe: "Dada, Alhamisi njoo, hela yako ipo."

Basi nikaenda. Saa 4 kasoro nimeshapita Inyala na Uyole, saa 4 na nusu niko dukani kwake, maeneo ya Mwanjelwa. Kijana wa kaunta akaniambia bosi katoka kidogo, nikae. Nikakaa kwenye benchi la mbao lililo mlangoni, mkoba mapajani.

Benchi lile nitalikumbuka. Lina ubao mmoja uliolegea, ukisogea linabana nguo. Saa 5 ikapita. Nikampigia, akapokea: "Niko benki dada, dakika kumi." Saa 6 akanitumia ujumbe: foleni. Lori likanipigia kutoka mizani, wameshapanga upya, wanasubiri zamu ya kupima. Mashine ya pili ikanipigia, mkanda umekatika, fundi anataka hela ya mpya. Nikatuma. Kila nikituma, ile milioni 3 inapungua, na mimi niko kwenye benchi la mtu anayenidai uvumilivu huku mimi ndiye ninayemdai hela.

Kilichonichosha zaidi ni wapita njia. Mbeya wanapenda mpira, na wapo wanaonijua. "Mama, Jumapili tunawapiga Songea?" Naitikia kwa tabasamu, "Mungu akipenda, baba." Kijana mmoja akaomba tupige picha. Nikasimama, nikapiga. Hakujua kwamba mwenye timu aliyesimama naye hapo alikuwa anapiga hesabu kichwani ya kukopa wapi milioni 7 kabla ya jua kuzama.

Sikula. Niliogopa nikiondoka atafika, akute sipo, iwe sababu.

Akaja saa 8 na dakika kadhaa, ameshiba, anachokonoa meno. Akanikaribisha ndani, akaagiza soda. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Nikajibu yote, maana adabu ni adabu. Halafu nikasema, "Kaka, nimekuja kwa lile letu."

"Naam, lile letu. Lipo dada. Lakini nyie watu wa mpira hela si mnazo? Hela za televisheni zile."

Hili nalisikia kila wiki. Mkataba wa Azam Media na TFF, shirikisho la mpira, wa mwaka 2021, Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, ni wa Ligi Kuu. Sisi tulio ngazi ya tatu tunaishi kwa kiingilio cha mlangoni, mechi nyingine hakitoshi hata mafuta ya Kosta, na kwa mfuko wa mwenye timu. Nilimweleza hivyo, taratibu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha akasogeza kiti karibu.

"Dada, yule mpwa wangu, winga wako. Mechi nne hajagusa mpira. Dada yangu analia huko nyumbani. Sasa hilo likikaa sawa, na hili letu linakaa sawa. Sisi ni ndugu."

Nilinyamaza kidogo. Soda ilikuwa imefunguliwa, sijaigusa. Kijana anayemsema namjua vizuri, mtoto mpole, miguu myepesi, ana miaka 19. Sina ugomvi naye hata chembe. Lakini tangu siku ya kwanza nilimwahidi mwalimu jambo moja: kupanga timu ni kwake, kulipa ni kwangu. Mwenye timu akianza kuuza namba, vijana wanajua siku hiyo hiyo, na kuanzia hapo hakuna anayekimbia tena. Nimeona timu zikifa hivyo, huku wenye nazo wakilaumu waamuzi.

"Kaka," nikamwambia, "mchele niliokupa ulikuwa tani 20, sikukupa pungufu hata kilo. Huyo kijana akicheza atacheza kwa miguu yake. Deni langu ni la mchele."

Akacheka kidogo, akasema basi nipitie wiki ijayo. Niliaga, nikatoka. Kwenye gari mikono ilikuwa inatetemeka, ikabidi nikae kwanza kabla ya kuwasha.

Kurudi sikukumbuka saa. Jua lilikuwa limeshainama upande wa Mbeya, malori ya Zambia yamejipanga mlimani Inyala, tunakwenda kwa mwendo wa kutambaa. Nikawaza mengi. Nikawaza timu hii ilivyoanza: wapakiaji wangu walikuwa wanacheza jioni nyuma ya mashine, mwaka 2015 wakaniomba jezi. Nilinunua jezi tu. Jezi zikaleta ligi ya wilaya, wilaya ikaleta mkoa, mkoa ukatufikisha hapa. Mbegu kama hiyo si ngeni nchini kwetu. Azam FC nayo ilianza 2004 kama timu ya wafanyakazi wa Bakhresa, ikapanda Ligi Kuu 2008, na msimu wa 2013/14 ikabeba ubingwa bila kufungwa mchezo hata mmoja. Said Salim Bakhresa mwenyewe hakuzaliwa na kinu cha unga.

Na sisi wa Mbarali tumeonja. Tarehe 29 Novemba 2022 Ihefu, timu ya hapa kwetu, iliifunga Yanga 2-1 pale Highland Estates, Ubaruku, ikakata mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga haikupoteza. Siku ile mashine zilizimwa, wazee walilia. Baadaye timu ikahamia Singida, na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Sina neno baya kwa aliyeihamisha, mpira una gharama zake na leo nimezikalia benchi. Lakini ndiyo maana mabibi wa sokoni wakinikamata mkono wananiuliza swali moja: "Na wewe mama, utaiuza?" Nawajibu hapana. Nikishawajibu hivyo, siwezi kuwaacha vijana walale bila mshahara.

Nilipofika Igurusi nilikwenda moja kwa moja stoo. Nilikuwa na gunia 240 za mpunga wangu mwenyewe ambazo sikutaka kuzigusa mpaka mwezi wa pili, bei ikiwa juu. Kila mfanyabiashara wa mpunga anajua uchungu wa kufungua stoo mwezi wa 12. Nikampigia mnunuzi wa taslimu, akaja na lori na hela, akapunguza bei kwa sababu aliona uso wangu. Nikauza gunia 80. Niliposikia gunia la kwanza likitua kwenye bodi ya lori nilijisikia vibaya, sitaficha. Baada ya hapo nikasimama kuhesabu.

Giza lilikuwa limeingia nilipokwenda uwanjani. Mazoezi yalikwisha, vijana wamekaa kwenye nyasi wanavua viatu. Wajumbe wawili wa kamati ya ufundi walikuwa wananisubiri pembeni, wanataka laki 4 za "mambo ya nje ya uwanja" kwa ajili ya Songea. Jibu langu wanalijua: kama kuna laki 4, zinanunua viatu. Kipa wangu wa pili anadakia viatu vilivyoshonwa mara tatu, uzi mweusi juu ya ngozi ya kijani, soli moja imeinua mdomo. Waliondoka wamekunja uso.

Mwalimu akanipa karatasi ya msafara, majina 20. Huwa ananionyesha ili nijue idadi ya vitanda na sahani. Nikashuka na macho hadi namba 17. Mpwa wa yule bwana.

"Huyu kaiva wiki hii," mwalimu akasema. "Leo kawasumbua mabeki wote. Nafikiri kumwanzisha."

Hakujua chochote. Ningeweza kusema neno moja tu, kijana abaki, na yule bwana ajue kwamba mimi sinunuliki. Lilinijia hadi kwenye ulimi. Lakini kumtoa nako ni kupanga timu. Nikaikunja karatasi, nikamrudishia. "Vitanda 20, sawa."

Usiku nikakaa ofisini na daftari na simu mbili, nikaanza kutuma mishahara mmoja mmoja. Jina, namba, kiasi pamoja na ya kutolea, ujumbe wa kuthibitisha, tiki kwa kalamu nyekundu. Mikono imechoka, macho yanawasha, nasoma kila namba mara mbili kwa sababu hela ikipotea kwa namba ya mtu mwingine kuirudisha ni siku tatu. Dereva akapiga: wameshavuka mizani, yuko njiani. Majibu yakaanza kuingia. "Asante mama." "Mama ubarikiwe, nimemtumia bibi ya mbolea." Hilo la mbolea nililisoma tena.

Nilikuwa nimefika jina la 22 simu ilipoita. Yule bwana wa Mwanjelwa, sauti imejaa furaha.

"Dada! Mtoto kapiga simu nyumbani, anasafiri! Sasa hapo tumeelewana. Kesho asubuhi njoo uchukue hela yako yote."

Nilitaka kumweleza. Nikaona hataelewa, na nikaona pia kwamba milioni 38 ni zangu, zilikuwa zangu tangu mwezi wa tisa.

"Nitakuja saa 3, kaka," nikamwambia. "Na uandike kwenye risiti: mchele."

Nikakata, nikarudi kwenye daftari. Jina la 23 lilikuwa la kipa wa tatu, ambaye hajacheza hata dakika moja msimu huu. Nikaisoma namba yake mara mbili, nikatuma.