Dubu Aliyeitwa Inuka

Mvua ya masika haijakatika tangu alfajiri, na hapa nyumbani Mombasa umeme umekwenda mara mbili. Nimekaa barazani na daftari langu, kwa kuwa kila ifikapo tarehe 25 Aprili humkumbuka mnyama mmoja niliyemtazama kwa muda usiozidi saa moja, nikiwa mbali na kwetu, na ambaye mpaka leo sijaamua kama nilistahili kumwonea huruma au la. Alikuwa dubu mweupe wa barafuni, na jina lake lilikuwa Inuka.

Mwaka 2017 nilipelekwa Singapore kwa mafunzo ya wiki tatu kuhusu kazi za bandari. Jumapili ya pili tulipewa mapumziko, nasi watu wawili wa Pwani, mimi na mwenzangu wa Tanga, tukaona heri tukatembee katika bustani ya wanyama ambayo kila mtu alikuwa akitusifia. Simba na twiga hatukuwa na haja nao. Tulipofika kwenye ubao wa dubu, mwenzangu alilisoma jina, akacheka mpaka akajishika kiuno, akauliza ni nani aliyefika huku kumpa dubu wa nchi za theluji jina la Kiswahili. Baadaye tulielezwa kwamba jina hilo lilipatikana kwa shindano la umma, na kwamba limetokana na lugha ya Wainuit, wenyeji wa nchi za kaskazini kabisa, likiwa na maana ya mwindaji anayenyemelea kimya. Kwetu sisi ni neno analoambiwa mtoto aliyechelewa kuamka, au mtu aliyeanguka njiani. Mwenzangu hakukubali jambo hilo lipite hivi hivi. Alisogea kwenye ukingo akamwita kwa ile sauti ya adabu tunayowaitia wazee wetu: "Inuka, mzee wangu, inuka. Wageni tumefika."

Mzee alikuwa amelala juu ya mwamba, kidevu juu ya mikono, wala hakutujali. Ilichukua muda mpaka alipojikusanya, akainua kwanza sehemu ya mbele, akatulia kama mtu anayetafuta fimbo yake, kisha akainua nyuma, akashuka majini. Hapo ndipo nilipomwona kwa karibu, kwa sababu bwawa lilikuwa na kioo kinene kilichomruhusu mtu kuona chini ya maji. Mnyama aliyekuwa mzito na mvivu nchi kavu aligeuka kuwa kitu kingine kabisa. Alipiga maji kwa mikono ya mbele peke yake, miguu ya nyuma ikimfuata kama usukani, na viputo vya hewa vikitoka katika manyoya yake. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kioo, akakibandika kiganja chake kilichokaribia upana wa sinia, akajisukuma, akageuka chali, akaenda mpaka mwisho wa bwawa, akarudi. Kiganja kilitua pale pale. Akajisukuma tena, akageuka chali upande ule ule. Watoto waliokuwa kando yangu walipiga makofi kila alipofika. Mimi, kwa tabia ya mtu aliyezoea kuhesabu makontena, nilianza kuhesabu. Nilipofika mara ya 23 niliacha, nikajikuta nimeudhika bila kujua nimeudhishwa na nani.

Inuka alizaliwa hapo hapo Singapore tarehe 26 Desemba 1990, wa kwanza wa aina yake kuzaliwa katika nchi za joto. Baba yake aliitwa Nanook na mama yake Sheba. Kisiwa hicho kipo zaidi kidogo ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Mombasa tupo digrii nne kusini mwake. Ukitoka nje ya eneo lake, joto na unyevu vilikuwa vile vile ninavyovijua tangu utotoni, shati likiganda mgongoni kabla ya saa nne asubuhi. Ndani ya hali ya hewa ya namna hiyo alizaliwa kiumbe mwenye tabaka la mafuta linaloweza kufikia sentimita 10, ngozi nyeusi juu yake, na juu ya yote manyoya ambayo kwa kweli si meupe hata kidogo: kila unywele wa nje hauna rangi, na ndani una uwazi kama mrija. Weupe tunaouona ni mwanga tu unaotawanyika humo. Mwaka 2004 mirija hiyo iliingiwa na mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hustawi penye joto na unyevu, na Inuka na mama yake wakawa wa kijani. Waliogeshwa kwa haidrojeni peroksaidi, dawa ya kung'arisha, mpaka weupe ukarudi. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, maana nilikumbuka kuta za nyumba za Mji wa Kale zinavyoota ukijani kila masika. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ukuta haukuumbiwa mahali pengine.

Hapa Pwani barafu ni kitu cha kununua. Mvuvi huinunua asubuhi ili samaki wasiharibike, na ikifika adhuhuri imekuwa maji. Kwa hiyo ilinichukua muda kuelewa kwamba kwa dubu huyu barafu ni ardhi. Bahari yenyewe huganda, unene wa mita moja au mbili, na juu yake ndiko anakotembea, anakooana na anakowinda. Wanasayansi wamemwita *Ursus maritimus*, dubu wa baharini, na hawakukosea. Chakula chake kikuu ni sili, mnyama wa baharini anayelazimika kupanda kuvuta hewa, na ambaye hutunza matundu ya kupumulia katika barafu kwa kuyakwangua kwa makucha yake. Dubu hulitafuta tundu kwa harufu, hata likiwa limefunikwa na theluji, kisha hulala au kusimama kando yake bila kutikisika. Anaweza kungoja saa nyingi. Sili akitoa pua, pigo ni moja. Dubu aliyenona hula ngozi na mafuta tu, nyama akawaachia mbweha weupe wanaomfuata nyuma kama watoto wanavyofuata msafara wa arusi.

Huyo ndiye mwindaji anayenyemelea kimya. Inuka hakuwahi kumnyemelea sili hata mmoja, wala hakuwahi kuona bahari iliyoganda. Alipewa samaki kwa saa maalumu, na siku yake ya kuzaliwa aliandaliwa keki ya barafu. Nisieleweke vibaya: sikuona ukatili pale. Waliomtunza walimpenda, na hilo lilionekana hata kwa mgeni kama mimi, jinsi mtunzaji alivyokuwa akizungumza naye huku akimrushia samaki. Mwaka 2013 alihamishiwa makazi mapya yaliyo makubwa zaidi, yenye sehemu zilizopozwa, kwa hiyo nilichokiona mimi kilikuwa hali bora kuliko aliyokulia. Hata hivyo mwaka 2003 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Ros Clubb na Georgia Mason, walionyesha kwamba eneo la kawaida analopewa dubu mweupe kifungoni ni kama sehemu moja ya milioni ya eneo dogo kabisa analozungukia porini, na kwamba wanyama wawindaji wanaosafiri mbali zaidi porini ndio wanaotaabika zaidi wakifungiwa, wakiishia kwenda na kurudi bila sababu. New York kulikuwa na dubu mwingine, Gus, aliyepata umaarufu katika miaka ya 1990 kwa kuogelea akichora umbo la nambari nane kwa saa nyingi mfululizo, mpaka akaletewa mtaalamu wa tabia za wanyama. Niliposoma habari zake nilikikumbuka kiganja kilichotua mahali pale pale mara 23.

Mwenzangu wa Tanga hakukubaliana nami, na jioni ile tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye alisema huko kwao dubu hao wanakufa njaa, ilhali huyu ana daktari, ana samaki, ana kivuli. Hoja yake haikuwa nyepesi. Mwaka 2008, katika Bahari ya Beaufort kaskazini mwa Alaska, dubu jike aliyevishwa kola ya kufuatilia mienendo yake aliogelea siku tisa bila kupumzika, kilomita 687, akitafuta barafu. Alipoipata alipanda juu yake. Alipokuja kupimwa tena miezi miwili baada ya kuanza safari, alikuwa amepungua asilimia 22 ya uzito wake, na mtoto aliyekuwa naye mwanzoni hakuwepo tena. Katika mji mdogo wa Churchill, pwani ya Ghuba ya Hudson nchini Kanada, dubu hukusanyika kila Oktoba na Novemba kungoja maji yagande, wakiwa wamekaa nchi kavu miezi bila mlo wa maana. Wenyeji huacha milango ya magari bila kuifunga kwa ufunguo, ili mtu akikutana na dubu barabarani apate pa kujitupa. Dubu anayezidi kuzurura mjini hukamatwa na kuwekwa katika jengo ambalo watu hulitaja kama jela, akanyweshwa maji bila kulishwa ili asipende kurudi, kisha hubebwa kwa helikopta na kuachwa mbali. Barafu ya ghuba hiyo sasa huyeyuka mapema na kuganda kwa kuchelewa. Waliohesabiwa upande wa magharibi wa ghuba walikadiriwa kuwa 842 mwaka 2016. Ilipofika 2021 walikuwa 618.

Basi nilimwambia mwenzangu kwamba amesema kweli, lakini hajanijibu. Yule jike wa Beaufort alikuwa na mahali pa kufika, hata kama pamesogea mbali. Nilimkumbusha pia kwamba bustani yenyewe ilikwisha kukubali hoja hiyo kwa namna yake: mwaka 2006, baada ya ripoti ya shirika la kutetea wanyama la nchini humo, ilitangaza kwamba haitaleta tena wanyama wa nchi za barafu. Kulikuwa na mpango wa kumhamishia Inuka nchi ya baridi, lakini baadaye ikaamuliwa abaki kwa kuwa amezaliwa pale na amepazoea. Nadhani uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ndilo jambo linaloniumiza zaidi. Kosa lilipofanyika, mwaka 1978 walipoletwa wazazi wake, hakuna aliyekuwa akifikiria habari hizi; na kufikia wakati watu walipofikiria, Inuka alikwisha kuwa mtu wa kwao Singapore, mwenye mwili wa kwingine. Mama yake alikufa Novemba 2012, naye akabaki peke yake.

Alipofikisha umri wa miaka 27 alikuwa amepita wastani wa wenzake wanaofugwa. Uzee ulimshika kwenye viungo. Alikuwa na ugonjwa ambao Kiswahili huuita baridi yabisi, na nimelitazama neno hilo mara nyingi tangu hapo, nikiwaza kwamba dubu wa barafuni aliyeishi ikweta maisha yake yote alipatwa na baridi ya aina hiyo tu. Miguu yake ya nyuma ilidhoofika, akawa anaiburuta, na vidonda vikafunguka kwenye nyayo na katikati ya vidole. Mapema Aprili 2018 madaktari walimpima wakampa muda. Tarehe 25 walimpima tena chini ya nusukaputi, wakakuta hali imezidi kuwa mbaya, wakaamua wasimwamshe.

Nilizipata habari hizo nikiwa kazini, getini, malori yakiwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Sikuwa na wa kumweleza. Mtu gani nimfuate getini nimwambie kwamba nimefiwa na dubu? Niliiweka simu mfukoni nikaendelea kukagua karatasi za madereva. Jioni, nilipokuwa nikivua viatu mlangoni, ujumbe wa sauti uliingia kutoka Tanga. Mwenzangu yule hakusalimu, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo. Alikaa kimya kidogo, nikasikia mvua ikipiga mabati ya kwao, kisha akasema kwa sauti ile ile ya siku ile kwenye ukingo wa bwawa: "Basi lala, mzee wangu. Usiinuke tena."