Milimita moja kwa siku

Leo slipa ilinivuka mguu wa kulia sokoni nikaenda hatua kama kumi bila kujua. Muuza omena ndiye aliyeniita: "Fundi, umeacha kiatu!" Tukacheka. Mwaka jana ningelia.

Hapa Kibuye, soko letu la Kisumu, Jumapili ndiyo siku ya pesa, na mguu huo huo ndio uliokuwa ukikanyaga cherehani. Ulipoanza kuwaka moto usiku, kisha kidole gumba kikakataa kuinuka, zahanati niliyoanzia ilinidunga vitamini wiki tatu, ikisema ni mshipa. Hawakukosea, ila hawakusema mshipa upi. Kiswahili chetu nacho! Wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, hata ngiri ni mshipa. Kumbe mimi niliumwa yote miwili: kinga ya mwili iligeukia vimishipa vya damu vinavyolisha neva, yaani mshipa wa fahamu, vikavimba, vikaziba, neva ikakaa njaa. Hospitali kubwa walikata kipande cha neva karibu na kifundo, wakakitazama kwa hadubini, ndipo wakawa na hakika. Ubavu wa mguu bado una ganzi pale.

Nilitundikiwa dripu sita za siklofosfamidi, dawa kali ya kuituliza kinga ya mwili, na maji ninywe mpaka nichoke, yalinde kibofu. Lakini aliyenikomesha ni prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe: vidonge 12 vya miligramu 5 kila asubuhi baada ya uji. Saa tisa usiku niko jikoni nakula ugali baridi. Uso ukafura, wateja wakanisifu eti nimenawiri. Sasa nameza viwili. Tunashuka pole pole, maana kuacha ghafla ni hatari.

Daktari aliniambia, "Mama, dawa zimezima moto, lakini hazishoni neva." Neva hujiotea yenyewe, kama milimita moja kwa siku, na si nyuzi zote zinazorudi. Basi jioni nimechukua tepu yangu nikapima toka juu ya goti hadi ncha ya kidole gumba: sentimita 58. Siku 580, na nimeshakula 310.

Binti yangu akauliza napima suruali ya nani.

Nimetia alama ya chaki katikati ya muundi, pale ninapodhani imefika. Kesho kuna sare nne za shule za kumalizia. Nitakanyaga na mguu wa kushoto.