Mama Yao Wana wa Zebedayo na Benchi la Akiba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Mathayo 20:20–28, kisha tutaruka hadi 27:38 na 27:55–56. Nalileta kama kocha wa vijana chini ya miaka 15 hapa Dar es Salaam, kwa hiyo mnisamehe nikinukia vumbi la uwanjani.

Yeyote aliyewahi kufundisha mpira wa watoto anamfahamu mama yao wana wa Zebedayo. Namba zake ninazo kwenye simu, tena si moja. Hupiga Ijumaa jioni kabla kikosi hakijasomwa: "Kocha, habari za jioni? Eti kesho mwanangu anaanza?" Akina baba wengi hawapigi. Wao huja wenyewe na katoni ya maji kwa timu nzima, hasa baada ya wiki ambayo kijana wao alisugua benchi. Maji tunakunywa na tunashukuru.

Mathayo anasema mama alimwendea Yesu pamoja na wanawe, akamsujudia, akaomba mmoja aketi kuume na mwingine kushoto katika ufalme. Marko 10:35 anasema Yakobo na Yohana waliomba wenyewe. Jambo hilo halinisumbui hata kidogo, maana nimeyaona yote mawili: mtoto anayemtuma mama, na mama anayemtuma mtoto. Yesu mwenyewe anajibu kwa wingi, "Hamjui mnaloliomba", kama mtu anayejua wazi kwamba ombi hili limepikwa nyumbani.

Lakini angalia alichotangulia kusema. Kabla ya kumjibu alimwuliza, "Wataka nini?" Hakumfukuza, wala hakumwaibisha mbele ya wanawe. Nimejifunza kuliazima swali hilo. Mzazi akinipigia kuhusu jezi namba 10, namwuliza taratibu, "Mama, unataka nini hasa kwa huyu mtoto?" Mara nyingi jibu halihusu mpira. Anaogopa vijiwe vya mtaani, au kuna kaka yake mkubwa aliyeacha shule na sasa hajulikani analala wapi. Pengine baba amehama nyumba, na mtoto haongei tena ila siku ya mechi. Namba 10 ilikuwa njia ya kuomba kitu kingine ambacho mimi kocha siwezi kumpangia mtu kwenye karatasi ya kikosi, ila naweza kukiombea, na kumwangalia mtoto kwa jicho la pili.

Sasa wale wanafunzi kumi wengine. "Na wale kumi waliposikia, waliwakasirikia wale ndugu wawili." Tusidhani walikasirika kwa kuwa walikuwa wanyenyekevu. Luka 22:24 inatuambia waligombania ukubwa hata kwenye karamu ya mwisho. Kilichowauma ni kwamba wenzao wamewahi. Watoto nao ni hivyo hivyo, tena wao hawafichi. Wakishajua kwamba fulani anabebwa, adhabu yake haitangazwi na mtu: hapewi pasi. Atakimbia pembeni dakika zote, atanyoosha mkono, atapiga kelele, na mpira utapita upande wa pili. Mama yuko nje anamlaumu kiungo. Hajui kwamba simu yake ya jana ndiyo inayocheza pale kati.

Kuna ombi zito kuliko hilo, na nalitaja kwa sababu limo hata makanisani: kupunguza umri. Mzazi anaomba cheti kingine cha kuzaliwa ili kijana wa miaka 17 acheze na wa miaka 14. Vijeba tunawajua wote, tunawacheka, na wakitufungia mabao tunawapigia makofi. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikuwa wameshafuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kundi zima la watoto lilikosa safari. Tangu 2009, kwenye Kombe la Dunia la umri huo, FIFA hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa kipimo cha MRI, kwa hiyo uongo una mwisho wake. Hata usingekuwa nao, fikiria mtoto anayefundishwa na baba yake mzazi kutaja mwaka wa kuzaliwa ambao si wake. Amri ya tano inamtaka amheshimu baba huyo. Tumemwekea mtego ndani ya nyumba yake.

Nikiwaambia wazazi wasiharakishe, wengi hunijibu kwa jina la Mbwana Samatta. Ni kweli, mwaka 2020 alivaa jezi ya Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, na sisi sote tulikaa mbele ya televisheni kama familia ya bwana harusi. Ila alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akakaa huko hadi 2016 ndipo akafika Genk ya Ubelgiji. Tunaomba Villa, hatuombi Lubumbashi. Yesu naye aliuliza habari za kikombe, yaani mateso, kabla ya habari za kiti, na vijana wakajibu haraka, "Twaweza." Yakobo alikinywa kweli: Matendo 12:2, Herode akamwua kwa upanga.

Twende sasa Mathayo 27. Mstari wa 38: wanyang'anyi wawili wakasulibiwa pamoja naye, "mmoja mkono wake wa kuume, na mmoja mkono wake wa kushoto." Ni maneno yale yale ya ombi la mama. Kisha mstari wa 56, kati ya wanawake waliokuwa wakitazama kwa mbali, ametajwa Mariamu Magdalene, Mariamu mama yao Yakobo na Yose, "na mama yao wana wa Zebedayo."

Yupo. Ombi lake halikukubaliwa, wanawe walikuwa miongoni mwa waliokimbia usiku wa kukamatwa, na nafasi zile mbili anaziona kwa macho yake zimekaliwa na nani. Mzazi wa kawaida angekuwa amekwisha kumhamishia mtoto timu nyingine. Yeye amekuja kutoka Galilaya hadi pale, na safari hii Mathayo hakuandika kwamba aliomba neno lolote. Kwangu huyu si mama wa kusemwa vibaya kwenye mahubiri. Tunamkumbuka kwa sura ya 20 tu, tunamwonea.

Na Zebedayo? Marko 1:20 inasema aliachwa chomboni pamoja na watu wa mshahara. Wahubiri humpita haraka, nami simlaumu. Mtu alikuwa kazini. Ninao akina Zebedayo wengi: mlinzi anayetoka lindo asubuhi akiwa hoi, dereva wa daladala ambaye Jumamosi ndiyo siku ya hesabu nzuri, mchuuzi wa samaki aliyeamkia Feri. Sisemi wafunge kazi. Nasema mtoto akikosa penalti hanitazami mimi. Macho yake hukimbilia pale pembeni wanaposimama watu wake, aone nyuso zao zikoje. Hilo nimeliona kwa watoto wa kila aina, wenye vipaji na wasio navyo. Wapo akina mama wasiojua kuotea ni nini, wanaokuja na kanga begani na kukaa chini ya mwembe mpaka filimbi ya mwisho, na watoto wao hucheza wametulia. Wapo pia akina baba wanaojua mpira kuliko mimi, wanaopiga kelele toka dakika ya kwanza, na watoto wao hupokea mpira wakiwa wameangalia nje. Wakolosai 3:21 iliandikwa kwa ajili ya akina baba hao: "msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa."

Kwa wiki hii, soma sura hizo mbili pamoja na mwanao jioni moja, hata kama hachezi mpira, kisha umwulize yeye swali la Yesu: wataka nini? Msikilize mpaka amalize.

Tuombe. Baba, wakumbuke wazazi watakaokuwa kazini Jumamosi hii watoto wao wakicheza. Wape nafasi ya kufika hata kipindi cha pili. Uwape nguvu watakaoanzia benchi, na walioko nje ya uwanja wakiwatazama. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.