Daftari la duka na kibaba cha mavyaa

Siku niliyogombana na muuza duka wetu nilikuwa na hakika kanizidishia. Tunakaa Kisauni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, na duka liko hatua ishirini kutoka mlangoni. Deni la mwezi lilikuwa shilingi 14,300, na humo hamna samaki, hamna nyama, hamna gesi. Nikalichukua daftari, nikakaa ukumbini na kalamu, nikajumlisha mstari kwa mstari. Hesabu yake ilikuwa sawasawa. Nikamrudishia kwa haya, na papo hapo nikakopa sukari robo, maana chai ilikuwa jikoni yachemka.

Robo zile ndizo zilizonifungua macho. Robo ya sukari alikuwa akiniuzia 45, na kilo nzima 160. Kwa kilo moja napoteza shilingi 20. Si pesa ya kumtoa mtu roho. Lakini daftari lilionyesha kitu kingine: kila robo ya sukari ilikuwa na mkia. Sukari robo, biskuti 10. Mafuta ya kupima ya 30, peremende 5. Kitunguu kimoja, tungule (nyanya) mbili, soda moja. Wanangu walikuwa wakitumwa dukani mara nne au tano kwa siku, na kila safari mjumbe anajilipa ujira wake. Sikuwalaumu sana. Hata mimi nikienda mwenyewe sirudi mikono mitupu.

Basi nikaamua kununua kwa wingi, nikaenda Kongowea Jumamosi saa sita mchana, nimevaa buibui la kutokea. Ukienda soko lile saa sita na mavazi ya arusi, bei utakayotajiwa ni ya mgeni. Nilirudi na wavu mzima wa vitunguu, nusu sanduku la tungule na debe la mbatata, vyote nikavisukuma chini ya meza ya jikoni. Joto letu la Mombasa mwalijua, na unyevu wake. Siku ya nne tungule zilikuwa zachuruzika. Wiki ya pili vitunguu vimechipua majani, na vya katikati vyanuka hadi chumba cha jirani.

Mavyaa, mamake mume wangu, akaja kutoka Likoni kututembelea, akasimama mlango wa jikoni, akakunja pua.

"Mwanangu, hivi ni vitunguu wanunua au shamba wapanda?"

Nikacheka kwa aibu. Akafunua sufuria, akakuta wali wa jana. Akafunua ya pili, akakuta maharagwe ya juzi. "Humu ndani mwafuga mwiku," akasema, kisha akavua mtandio akaanza kazi.

Kupika kwangu kulikuwa kwa jicho. Mchele naumimina kwenye ungo, nikiona watosha, watosha. Yeye alikuja na kopo lake la bati, kibaba, ambalo nadhani lina umri kunishinda. Pishi wengi wetu twaijua kwa zakatul-fitri, ile ya kila kichwa, kama kilo mbili na nusu hadi tatu hivi. Vibaba vinne ndiyo pishi. Tuko watu sita. Akapima kibaba kimoja na nusu cha mchele, akapika na tui la nazi moja, tukala tukashiba, na sufuria ikaoshwa usiku ule ule. Kwa jicho langu nilikuwa napika karibu mara mbili ya hapo. Asubuhi nusu yake yaenda kwa kuku wa jirani, kuku ambao hawajawahi kunipa hata yai.

Pesa nyingi niliyookoa imetoka kwenye kopo lile kuliko sokoni. Nasema hivi kwa sababu kila anayeniuliza ataka kujua bei za Kongowea.

Lakini soko nalo sikuliacha. Mavyaa ndiye aliyesema wavu mmoja wa vitunguu ni wa nyumba nzima, si wa mke mmoja. Nikawabishia hodi majirani. Vyumba vitatu vikakubali. Wa nne akasema yeye na ushirika wa pesa hawapatani, kashaumwa. Sasa kila wiki mbili wawili wetu twaenda baada ya sala ya alfajiri, malori ya bara yakishusha mizigo. Twanunua kwa kilo, hatununui kwa fungu, na debe lililobonyezwa tako twalikataa. Wavu wa vitunguu twaugeuza kwanza, maana vizuri hupangwa juu. Vile vyekundu vitokavyo Tanzania, shingo ikiwa imekauka vizuri, hukaa muda mrefu. Mzigo twaupakia tuktuk moja na nauli twaigawanya. Vitunguu hutandazwa kwenye jamvi ukumbini penye upepo, mbali na mbatata. Mchele na kunde huwekwa na majani makavu ya mwarobaini, na wadudu huwa wachache. Tungule sinunui tena zaidi ya kilo mbili, na nusu yake iwe bado ngumu. Mchicha nauacha hadi jioni, muuzaji akiwa hataki kulala nao.

Samaki ana kalenda yake. Kaskazi bahari ikitulia, vibua na dagaa wabichi hushuka bei, nasi twala hadi watoto walalamike. Kusi likichacha, wenye ngalawa hukaa pwani na bei ya changu hainiangalii usoni. Hapo nageukia ng'onda, samaki mkavu, kidogo kwenye mchuzi wa bamia, au mbaazi za nazi. Kuelekea Ramadhani, pojo na kunde nimeshazinunua tangu Rajabu, kabla kila mtu hajakumbuka.

Dukani bado naenda, ila pesa mkononi, na watoto nimewawekea siku moja ya biskuti, Ijumaa. Mwezi wa tatu wa mpango huu nilitumia 9,800 kwa vitu vile vile, nauli ikiwemo. Muuza duka aliniuliza kama tumehama.

Kuna nilikoshindwa. Mume wangu haachi mahamri na mbaazi za asubuhi za yule mama wa barazani. Nilijaribu kuyapika mwenyewe. Unga, sukari, nazi, mafuta, iliki, gesi, nikapiga hesabu nikakuta akiba ni kidogo mno, na yangu yalitoka magumu. Nikamwacha mume wangu na starehe yake.

Na yule jirani wa nne, aliyekataa ushirika, wiki iliyopita alibisha hodi. Hakutaka vitunguu wala mbatata. Alitaka kuazima kibaba, apime mara moja tu apate makadirio. Leo siku ya nane hajakirudisha, nami naona haya kumdai jirani kopo la bati. Narudi kupika kwa jicho, na jana tumelala na mwiku.