Ngata ya Mchukuzi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi tukisogeza kokoto za msingi wa kanisa hapa Isevya, bibi mmoja wa jumuiya yetu alikunja kanga ikawa ngata, akaiweka utosini, akainama atwikwe karai. Nikakumbuka Tendaguru.

Tendaguru ni kilima kule Lindi. Miamba yake ina mifupa ya dinosaria walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. (Najua hesabu hiyo inawakwaza baadhi yetu. Mimi hainipi shida. Tuongee baada ya ibada.) Kati ya 1909 na 1913, Vita vya Majimaji vikiwa vimekwisha juzijuzi tu, Wajerumani walifukua mifupa ile kwa mikono ya mamia ya wenyeji. Ilifungwa kwa mianzi, watu wakatwikwa, wakatembea siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Zaidi ya tani 200, kichwa kwa kichwa. Sisi wa Tabora, wajukuu wa wapagazi wa njia ya Ujiji na Bagamoyo, tunaijua shingo inavyouma.

Leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa makumbusho kule Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na watu wanapiga naye picha. Waliombeba je? Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, alipata bahati: mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii. Karibu miaka mia baadaye! Wapagazi wengi hata hilo hawakulipata.

Sasa fungua Kutoka 13:19. Musa anatoka Misri na mifupa ya Yusufu, maana Yusufu aliwaapisha ndugu zake. Yoshua 24:32, inazikwa Shekemu. Katikati pana miaka 40 ya jangwa. Anayetajwa ni Musa, lakini Musa alikuwa mzee wa miaka 80 mwenye fimbo mkononi. Kila nikisoma hapo namwona kijana fulani, bega limechubuka, anampokea mwenzake sanduku la mtu ambaye hata babu yake hakumwona. Huenda yeye mwenyewe alizikwa njiani. Sanduku lilifika.

Yule bibi alipotua karai, vumbi lilikuwa limechora duara kwenye kanga. Nikamwambia apumzike, vijana wapo.

"Nitwike, mwanangu," akasema.